Tezo, Keekee na Msumari: Hekima ya Fundi wa Vyombo vya Pwani

Wahenga wetu walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo yamfaa mvivu, ambaye hulaumu mpini ili apate kukwepa kazi. Lakini haikutungwa kwa ajili ya kila kazi. Seremala, na hasa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, asipochagua zana yake kwa makini huharibu ubao, hupoteza jasho lake, na pengine huangamiza roho za watakaosafiri. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba uchaguzi wa zana ni sehemu ya historia yetu, nao ni ushahidi wa elimu waliyokuwa nayo wazee wetu.

Miongoni mwa habari za kale mno zilizoandikwa juu ya mwambao huu ni zile zilizomo katika kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwandishi wake, ambaye jina lake halijulikani, autaja mji wa Rhapta, na asema kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vidogo vya kushonwa. Tena aorodhesha bidhaa zilizoletwa pwani na wafanyabiashara: mikuki, mashoka, visu, misharasi na vitu vya kioo. Hatuwezi kudai kwamba kila shoka na kila msharasi uliishia mkononi mwa muunda vyombo. Hata hivyo, twaona kwamba zana za kukatia na kutobolea zilithaminiwa hapa tangu zamani hizo, na watu walijua watakalo.

Wako waliosema kwamba wazee wetu walishona mbao kwa kamba kwa sababu hawakukijua chuma. Maneno hayo hayasimami. Mnamo mwaka 1154 mwanajiografia Al-Idrisi alikamilisha kitabu chake, na humo aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba biashara ya chuma iliwapa faida kubwa. Huko bara, katika nchi ya Wahaya, wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi wahunzi wa kale walivyoweza kutoa feleji katika matanuri yao, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Chuma kilikuwapo. Kwa nini, basi, Wareno waliofika Msumbiji pamoja na Vasco da Gama mwaka 1498 walikuta vyombo visivyo na misumari, ambavyo mbao zake zilifungwa kwa kamba?

Jibu limo katika kazi yenyewe. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vigingi vya miti. Chombo cha namna hiyo hunyumbulika kidogo kinapogusa mchanga au kupigwa na mawimbi ufukweni, na pwani nyingi za zamani hazikuwa na gati. Kamba ikichakaa hubadilishwa, na mnazi uko jirani. Msumari wa chuma huliwa na kutu ya maji ya chumvi. Mtepe nao ulikuwa na ila yake: ulivuja, na mabaharia hawakupumzika kuyafua maji. Fundi aliyapima haya yote, akachagua. Baadaye, safari na shehena zilipobadilika, fundi huyo huyo aliuchukua msumari, akaunda majahazi ya kupigiliwa. Kushona kulikuwa chaguo, na kupigilia kulikuwa chaguo. Kote kuwili hakukuwa ujinga.

Lugha yetu nayo imehifadhi safari hiyo. Shoka na nyundo ni maneno ya asili ya Kibantu. Msumari umetoka katika Kiarabu, randa katika Kiajemi, na parafujo katika Kireno. Mfuko wa seremala mmoja, ukimwagwa chini, husomeka kama kitabu cha historia ya Bahari ya Hindi. Mwenye mfuko hakuulizwa zana ilitoka wapi. Aliulizwa kama inafanya kazi.

Kila zana ina mahali pake. Shoka huangusha mti na kuuchonga kwa juu juu. Tezo, ambalo bapa lake limekaa kama la jembe, hufuata mkunjo wa taruma ambao msumeno hauwezi kuufuata. Randa husawazisha ubao ulionyooka, lakini haina kazi mahali palipopinda. Keekee huzungushwa kwa kamba ya uta, mkono mmoja ukikandamiza kishikio na mwingine ukivuta uta mbele na nyuma, hata tundu litokee. Katika mtepe tundu hilo lilipitisha kamba. Katika sitaha ya jahazi hupitisha msumari. Zana ilibaki ile ile, ujenzi ukabadilika.

Somo hili nililipata nikiwa kijana, kwa gharama ya ubao mmoja. Nilimwomba mzee mmoja fundi wa vyombo anisaidie kujenga jukwaa la mbao uani kwetu, mithili ya sitaha, pa kupunga upepo jioni. Nilinunua nyundo mpya na misumari mirefu, na kabla mzee hajafika nilikwisha kupigilia msumari karibu na ncha ya ubao wa mvule. Ubao ukapasuka toka mwanzo hadi katikati. Mzee aliutazama, akauweka kando, akatoa keekee mfukoni mwake. "Mwanangu," aliniambia, "msumari haukukosa. Aliyekosa ni aliyesahau keekee."

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule zisiwatenge vijana na kazi za jamii zao. Wito huo haujachakaa. Leo keekee za umeme hutoboa mbao kwa dakika chache, nasi hatuna haja ya kuzikataa, kwani wazee wetu hawakukataa kipya kilichofaa. Lakini mtepe wa asili ulikwisha kutoweka baharini, hata ilibidi mfano wake uundwe upya Zanzibar mwaka 2003 ili watu wauone. Hilo ni onyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wawapeleke wanafunzi kwa mafundi wangali hai: waulize jina la kila zana, kazi yake, na sababu ya kuichagua, kisha wayaandike majibu. Fundi akifariki, tezo lake laweza kununuliwa na mtu mwingine. Sababu ya kulichagua hainunuliki.