Kibarua, Kipande, Posho

Ukirudi kwenye magazeti ya Kiswahili ya Kenya ya mwaka 2024, usome habari za walimu wa JSS, utakuta watu walewale wana majina mawili. Kuna habari zinazowaita walimu wanagenzi. Kuna zinazowaita walimu vibarua. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Kibarua ni mtu anayelipwa leo, kesho aje tena aulize kama kuna kazi. Haya si majina ya kubadilishana hivihivi. Moja ni la serikali, lingine ni la mtaani, na mimi naona la mtaani ndilo limesoma historia.

Sosiot ni mahali pazuri pa kuulizia jambo hili. Iko Belgut, kaunti ya Kericho, kwenye barabara ya kutoka Kapsoit kwenda Sondu. Jina lenyewe ni la Kikalenjin, ule ufito wa kusugulia kibuyu cha mursik. Huku chai iko nyuma ya nyumba, nusu ekari hapa, ekari moja pale. Majani yanachumwa asubuhi, yanapimwa kituoni, na kila mwezi kinaingia kitu kidogo. Pesa yenyewe, ile ya kulipa deni na karo, hungojwa mwezi wa kumi: bonasi. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013, kiko karibu. Kwa hivyo kuna nyumba nyingi ambazo chai imemsomesha mtoto tangu chekechea hadi digrii bila kuvuka mpaka wa Belgut. Halafu digrii ikarudi nyumbani na elfu ishirini kwa mwezi, kabla ya makato.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo kuna watu huniambia mishahara ya waliohitimu hainihusu. Sawa. Lakini nimesoma habari zake vya kutosha kujua kwamba hiyo elfu ishirini haikuanza 2023.

Neno kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, na jioni kikaratasi kile kikawa pesa. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira ilienda kwa bwana. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe.

Karatasi ya pili ni kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kukaza. Kila mwanaume mzima alitakiwa kutembea na cheti ndani ya kikopo cha bati, wengi wakikivaa shingoni, na mle ndani mwajiri aliandika siku uliyoingia, siku uliyotoka na mshahara uliopewa. Hebu fikiria: bosi mpya anafungua kikopo na kusoma ulichokuwa unalipwa kwa bosi wa zamani. Mazungumzo ya mshahara yanaishia hapo.

Kericho ilipata chai katika miaka hiyohiyo. Baada ya vita, maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa walipewa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi ikaishia kwa James Finlay. Brooke Bond walikuwa wameingia pia. Mashamba yale yalihitaji maelfu ya mikono, na mikono ililipwa kwa namna mbili: shilingi chache, na posho. Posho ilikuwa chakula hasa, unga wa mahindi uliopimwa kwa ratili. Mshahara wenyewe ulipangwa kwa hesabu kwamba mchumaji ni mwanaume asiye na familia. Mke na watoto wako kijijini, wanajilisha. Kwa hivyo mshahara haukuhitaji kuwajua.

Ilichukua hadi 1954 kwa tume ya serikali, Kamati ya Carpenter, kukubali kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walilipwa chini ya mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Mmoja, si familia. Kamati ikapendekeza mshahara uhesabiwe upya kwa mtu mwenye mke na watoto, polepole, kwa miaka kumi hivi.

Hao ni vibarua na makarani wa chini. Sasa waliosoma je?

Hapa ndipo hadithi inaponishika. Mwaka 1947 Uingereza ilituma tume ya Sir Maurice Holmes kuchunguza utumishi wa umma wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ripoti ilitoka 1948. Ilikuwa na kanuni moja ambayo watu waliosoma Makerere hawakuisahau: mtu asiye Mzungu, hata akiwa na cheti kilekile na kazi ileile, alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani asilimia 60. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kistaarabu sana. Eti Mzungu ana gharama za ugenini. Eti mwenyeji bado anajifunza, hajafikia uzoefu na uwajibikaji wa mwenzake. Shika hilo neno, bado anajifunza.

Tatu kwa tano ilikuwa kwenye karatasi. Kazini ingeweza kuwa mbaya zaidi. Tom Mboya alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alieleza baadaye kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa moja kwa tano ya alichopata mkaguzi Mzungu. Siku moja mwanamke Mzungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya, akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ubaguzi, na ni kweli, lakini mimi huwa nakisoma pia kama kisa cha mshahara wa kwanza: kijana wa miaka ishirini na kitu, mafunzo amemaliza, kazi anaifanya, na mteja hamwoni. Mboya akaenda kuunda chama cha wafanyakazi.

Mwaka 1954 tume nyingine, ya Sir David Lidbury, iliondoa ngazi za mishahara za rangi. Wazungu wakapewa marupurupu ya kuwavutia kuja, kwa hivyo pengo halikufa siku hiyo, lilibadilisha nguo. Ila kanuni ilikuwa imeandikwa: kazi sawa, ngazi sawa.

Uhuru ulipokuja, kwa muda ikaonekana ni kweli. Viti vilikuwa wazi na waliosoma walikuwa wachache. Waliokosa kazi ni wale wasio na vyeti, ndiyo maana mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15 na kampuni kwa asilimia 10, nao wafanyakazi wasigome wala kudai nyongeza. Moi alirudia mchezo huo mwaka 1979, asilimia 10. Kwa mwenye cheti cha ualimu, mambo yalikuwa rahisi kuliko hapo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliundwa 1967, na kwa miaka thelathini ulimaliza chuo, ukangoja barua, barua ikakutuma shuleni. Ukiuliza wazee wa Belgut mwalimu alikuwa nani miaka ya sabini watakuambia: mtu wa baiskeli, mtu wa mabati, mtu anayeandikia wengine barua.

Hata hivyo kulikuwa na daraja la chini. Januari 1974, baada ya Kenyatta kufuta karo ya madarasa ya kwanza ya msingi, wanafunzi waliongezeka kwa karibu milioni moja kwa mwaka mmoja. Walimu wa kutosha hawakuwepo, basi wakachukuliwa vijana waliotoka tu shule. Waliitwa UT, walimu wasio na mafunzo, na walilipwa kidogo. Unaweza kulalamika, lakini angalau jina lilikuwa la kweli. Hawakuwa na mafunzo.

Mgeuko ni 1997 na 1998, na nashangaa kwamba watu wa umri wangu hawaujui, maana ndio uliotuandikia maisha. Oktoba 1997, uchaguzi ukiwa mlangoni, KNUT iliitisha mgomo. Serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema haina pesa, walimu wakagoma tena, wakarudi darasani mikono mitupu. Na mwaka huohuo ule mlango wa barua ya TSC ukafungwa: kuanzia hapo mwalimu hakuajiriwa kwa kuwa amemaliza chuo. Aliajiriwa mwingine akifa, akistaafu au akiacha kazi. Vyuo havikuambiwa vipunguze wanafunzi. Halafu 2003 Kibaki akafanya shule ya msingi kuwa bure, watoto zaidi ya milioni wakaingia, na mlango ukabaki vilevile.

Katikati ya watoto wengi na walimu wengi wasioajiriwa ndipo shule zikaanza kujisaidia. Huku kwetu anaitwa mwalimu wa BOM. Amesajiliwa, ana cheti, na analipwa na bodi ya shule kwa pesa za wazazi, zikipatikana. Ukitaka kujua kwa nini watu wanakubali, tazama mkopo wa HELB: mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unaanza kudaiwa, na ukichelewa faini ni 5,000 kwa mwezi. Kitu chochote ni bora kuliko kukaa.

Ndipo ikaja JSS. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza ndani ya shule za msingi. Serikali ikaajiri wanagenzi, na hadi walipogoma mwaka uliofuata walikuwa takriban 46,000. Malipo ya mwenye digrii: 20,000 kwa mwezi. Haikuitwa mshahara. Iliitwa posho.

Tufanye hesabu. Mwalimu wa kudumu mwenye digrii, kwa ngazi anayoanzia, alikuwa na mshahara wa msingi wa takriban 35,000, kwa viwango vilivyoanza kulipwa 2020, bila marupurupu. Ishirini juu ya thelathini na tano ni asilimia 57. Holmes alitoa 60.

Na mwanagenzi alikuwa anajifunza kwa nani? Shule nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja au wawili wa JSS, na yeye ndiye huyo mmoja. Masomo yalikuwa mengi hadi yakapunguzwa kuwa 9 mwaka 2024, na aliyesomea Kiswahili na Historia akajikuta mbele ya darasa la sayansi au la ufundi, akisoma kitabu usiku ili afundishe asubuhi. Fundi hakuwepo.

Saa zenyewe hakuna anayezihesabu. Kwa wafanyakazi wa kawaida, agizo la mishahara la Kenya linaweka saa 52 kwa wiki, siku sita, na kila saa inayozidi hulipwa mara moja na nusu. Mchumaji wa chai analipwa kwa kilo, na mizani, hata tukiilalamikia, ipo. Mwalimu anaingia kabla ya kengele, anasimamia michezo, anabeba madaftari nyumbani, na mwisho wa mwezi ni ileile. Linganisha pia na mji: kuanzia Novemba 2024 mshahara wa chini wa kibarua wa Nairobi uliwekwa kuwa 16,113.75, na sheria ilimwongezea asilimia 15 ya nyumba, jumla 18,500 na ushei. Tofauti kati yake na mwenye digrii haikufika 1,500. Sisemi kibarua analipwa sana. Analipwa kidogo, na huyu mwingine naye analipwa kidogo baada ya miaka minne ya karo.

Madaktari walipigana vita hivyohivyo, kwa kelele zaidi. Mkataba wa 2017 uliwapa madaktari wanagenzi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000, na mgomo wa 2024 ukadumu siku 56. Mwisho wa mwaka serikali ikakubali kiwango cha mkataba. Wana chama kikubwa, na bila wao wodi inasimama. Darasa la Gredi ya 7 likikosa mwalimu, watoto wanapiga kelele tu.

Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi: aliyesajiliwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Mwezi uliofuata wakagoma. Shule zikafunguliwa Januari 2025, wale 46,000 wakiwa wamepewa ajira ya kudumu, na huko Belgut kuna nyumba zilizochinja mbuzi. Mwezi huohuo TSC ikaingiza kundi jipya la wanagenzi, wengi wao wa JSS. Walikuwa 20,000. Posho yao, kwa mwenye digrii, 20,000.