Jumapili za Shimanzi

Jumapili asubuhi, wenzangu wakielekea Pirates kuogelea, mimi huchukua tuktuk hadi Shimanzi kupiga picha magudauni. Ndiyo, magudauni. Milango ya mabati iliyofungwa kwa kufuli tatu, malori yaliyolala, nambari zilizopakwa rangi ukutani, majukwaa ya kupakilia mizigo yasiyo na mzigo wowote. Silipwi, na wala sina mradi. Rafiki yangu mmoja anayepiga picha za harusi huniuliza kila mara bibi harusi wangu ni ukuta gani wiki hii.

Napenda tu. Napenda jua la saa moja linavyolala kwenye mabati yenye kutu, na jina la kampuni iliyokufa linavyochungulia chini ya rangi ya kampuni mpya. Siku za kazi haiwezekani: malori yamebanana, vijana wanapakia mbio mbio, soja hana subira. Ndani ya bandari yenyewe siingii, huko kamera ni kesi. Nabaki barabarani kama mtu aliyepotea njia.

Nikikejeliwa, nilikuwa na majibu ya kisomi. Kule Ujerumani, Bernd na Hilla Becher walianza mwaka 1959 kupiga picha minara ya maji, matangi na mitambo ya migodini, wakaendelea hivyo kwa miongo. Marekani, Lewis Baltz alitoa mwaka 1974 kitabu kizima cha kuta za maghala na viwanda vipya karibu na Irvine, California. Kuta tupu, hakuna mtu hata mmoja. Basi nami nikawa nangoja watu wapite ndipo nibonyeze. Picha safi kwangu ilikuwa picha isiyo na mtu.

Kilichonibadilisha kwanza ni urefu wa majukwaa.

Ukianza na Mji wa Kale, karibu na bandari ya majahazi, maghala ya zamani hayana jukwaa lolote. Mlango uko usawa wa njia, kizingiti unakiruka kwa hatua moja, kwa sababu mzigo uliingia ukiwa begani mwa mtu. Hamali hahitaji jukwaa, anahitaji mlango mpana. Halafu njoo Shimanzi. Kilindini ilijengewa magati ya maji marefu miaka ya 1920, na reli ikaletwa hadi ubavuni mwa meli. Magudauni ya zamani ya upande huu yana sakafu iliyoinuka hadi kifuani kwangu, na paa linalotokeza nje kama ukingo wa kofia. Ukiona hivyo, tafuta reli. Mara nyingi utaikuta imezama ndani ya lami, vyuma viwili vinavyoingia chini ya ukuta na kuishia hapo. Sakafu iliinuliwa ilingane na sakafu ya behewa, gunia lisogezwe badala ya kuinuliwa. Lori lilipokuja likarithi urefu ule ule, au karibu yake.

(Neno lenyewe limesafiri kwa meli. Wamalay wana gudang, Wareno wakalichukua, Waingereza wakasema godown, nasi tukamalizia na gudauni, ingawa ghala na bohari tulikuwa nayo.)

Sasa nenda yadi mpya za Changamwe na barabara ya kuelekea Mariakani. Jukwaa limetoweka tena. Kuna saruji tambarare tu na makontena yamepangwa kama matofali. Kontena la kisasa lilianza safari mwaka 1956, Malcom McLean alipopakia masanduku 58 juu ya meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Maana yake ilikuwa moja: mzigo usifunguliwe njiani. Kreni inainua, lori linapokea, mlango umefungwa kwa sili. Hapo bega la nani litahitajika?

Nikawa najiona mjanja sana na nadharia yangu ya majukwaa. Nikazipeleka picha kwa Babu, maana Babu alikuwa kuli.

Makuli ndio waliokuwa wakipakia na kupakua meli, na chini yao kidogo, au pembeni yao, vibarua. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kazi ya siku. Karne ya kumi na tisa, hapa pwani, vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na bwana. Utumwa ukaisha, neno likabaki, na kungojea langoni asubuhi kukabaki. Januari 13, 1947, mji huu ulisimama: makuli, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani, watu kama 15,000, kwa siku kumi na mbili. Kukazaliwa chama cha African Workers' Federation, na kabla mwaka haujaisha kiongozi wake Chege Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Babu alikuwa mtoto wakati huo. Yeye aliingia kazini baada ya uhuru, wakati wa magunia ya kahawa na chai ikiwa bado kwenye masanduku ya mbao.

Aliichukua simu yangu, akaisogeza mbali na uso. Picha ya kwanza akapita. Ya pili akapita. Kwenye ya tatu akasimama.

"Hii ukubwa unaongezwaje?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili. Alikuwa akitazama ukingo wa jukwaa, mahali saruji ilipobonyea kama kiti kilichokaliwa sana. Mimi niliipiga kwa sababu ya kivuli chake.

"Magunia yalikuwa yanaburutwa hapa," akasema. "Na asubuhi ndipo tulipokaa kungoja jina. Msimamizi anasimama pale juu, anasoma. Usiposomwa, unarudi nyumbani." Akasogeza picha kushoto, ikagoma, ilikuwa imefika mwisho. "Bomba liko wapi?"

"Bomba gani, Babu?"

"La maji. Lilikuwa upande huu. Kwani hukuliona? Mbona umepiga picha mahali pasipo na watu, mjukuu wangu? Hapa palikuwa na watu hata pa kukanyaga hakuna."

Sikuwa na jibu la Kijerumani.

Baba yangu naye alikuwa tanboi wa trela za Mombasa–Kampala. Treni ya mizigo ya SGR ilianza Januari 2018, na Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na nchi jirani ipande treni. Watu walijaa barabarani Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo likasitishwa, Novemba 2020 Mahakama Kuu ikalifuta, Septemba 2022 Rais Ruto akatangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba shughuli za mizigo zirudi Mombasa. Lakini trela aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa imeshauzwa, naye sasa anauza vipuri vya pikipiki Mikindani. Katika picha zangu za mwanzo, zile za 2019, kuna yadi moja ya malori iliyo tupu kabisa. Wakati ule niliipenda kwa sababu ya mistari yake.

Jumapili iliyofuata nilirudi kutafuta bomba. Soja alikuwa mzee fulani mwenye redio. Akaniuliza napiga picha ukuta ili iweje. Nikamweleza kuhusu Babu. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka mwenyewe hadi pembeni, nyuma ya matairi mabovu. Palikuwa na kipande cha paipu kilichokatwa usawa wa goti na kuzibwa kwa saruji, na chini yake sakafu imeoza kijani.

Nikamwomba asimame pale.

"Mimi?" akasema. Akazima redio, akafunga kifungo cha shingoni.