Tuagane

Siku yangu ya mwisho Juba nilipita sokoni Konyo Konyo kwa mama wa chai. Miaka miwili ya kujitolea kufundisha nilikuwa nikikaa kwenye kigoda chake kila asubuhi, nikingoja chai ya tangawizi, sukari imelala chini ya glasi kimo cha kidole. Kiswahili alikipata Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuaga."

"Sema tuagane," akanisahihisha.

Alikuwa na haki. Kuaga ni kitendo cha mmoja: naarifu kwamba naondoka, basi. Ikiingia ile -na ya mwishoni, tunakuwa wawili na maana inakua. Kuagana ni kupeana mkono wa kwaheri, na kamusi zinatukumbusha kwamba ni kuwekeana ahadi pia. Humo ndimo lilimozaliwa agano, lile lile la Agano la Kale na Agano Jipya. Nalipenda neno hili kwa kukataa kutenganisha safari na ahadi.

Majirani zake hawabebi mzigo huo. Kwaheri ni dua, heri yake imetoka Kiarabu, na tukitaka iwe na tumaini hatuna budi kuongeza "ya kuonana". Buriani ni nzito zaidi: ni ya watu wanaotakana radhi kwa kuwa huenda wasionane tena. Hunichoma kuisikia kwenye hafla ya kumsindikiza kijana mzima wa afya anayerudi kwao Morogoro. Kiarabu cha Juba kina ma salaam, yaani nenda kwa amani, na katika mji ule amani haitamkwi ovyo.

Vita vilipozuka Desemba 2013, kisha tena Julai 2016, wageni wengi waliondoshwa kwa ndege upesi upesi. Madarasa yakabaki, majirani wakabaki, neno halikusemwa. Mama anawakumbuka wateja wake wa wakati ule kwa vinywaji vyao: yule wa mdalasini, yule asiyetaka sukari.

Nikatoa noti nilipe. Akaikunja, akanirudishia kiganjani. Kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni, akachora mstari mmoja kwenye ubao wa meza yake.

"Chai hii unadaiwa," akasema. "Utalipa ukija."