Amri, Kura na Shamba Darasa: Historia Fupi ya Njia za Kutatua Matatizo kwa Pamoja

Katika kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu kikuu, wengine watasimulia habari za magunia, mizani na hesabu. Sisi tumekusudia kueleza jambo lisilopimika kwa mizani, nalo ni namna watu wa nchi hii, tangu vibanja vya Kamachumu hata mialo ya Bumbire, walivyokutana kutatua matatizo yao. Njia zimekuwa kadha wa kadha, wala hazilingani kwa matunda.

Kisiwa cha Bumbire chajua gharama ya jambo linaloamuliwa bila mashauri. Mwezi wa Aprili 1875 msafiri Henry Morton Stanley alitua ufukoni mwake. Pakatokea ugomvi, wenyeji wakachukua makasia yake, naye akajiokoa kwa bunduki. Mwezi wa Agosti alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukoni, wengi wakafa. Hao walikuwa wageni na wenyeji wasiojuana. Lakini hata kati ya watu wajuanao, neno lisilo na mashauri limezaa fitina mara nyingi.

Njia ya kwanza ni ya amri. Katika mwaka wa 1937 serikali ya kikoloni ilileta kanuni za utunzaji wa kahawa, na wakulima wa Bukoba wakazipinga kwa ghasia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja kanuni za kupambana na fukusi wa migomba. Fukusi alikuwa adui wa kweli, na mabwana shamba waliomwandama hawakuwa wajinga. Lakini mgomba kwa Mhaya ni chakula cha watoto na kivuli cha kahawa, tena ni urithi wa ukoo. Mtu aingiaye kibanjani na panga pasipo kuongea na mwenyewe huonekana mwizi, hata akiwa mganga. Wakulima wakakataa, na Ali Migeyo, mmoja wa walioongoza upinzani ule, alipata kufungwa gerezani. Hivyo vita ya mdudu ikageuka kuwa vita ya watu, na fukusi akabaki akila.

Njia ya pili ni ya mkutano na kura. Ndiyo iliyojenga Bukoba Native Co-operative Union katika mwaka wa 1950, na ndiyo msingi wa chama chetu hata leo: mtu mmoja, kura moja, awe na mikahawa 50 au 5,000. Njia hii yafaa sana katika mambo ya fedha, bei na uchaguzi wa viongozi, kwa kuwa humpa mnyonge uzito sawa na tajiri. Thamani yake twaijua zaidi tukikumbuka mwaka wa 1976, ambapo vyama vikuu vya nchi nzima vilivunjwa kwa neno la serikali, visirudi hata sheria ya mwaka wa 1982 ilipopita. Hata hivyo kura ina mipaka. Wajumbe 200 wakiinua mikono kwamba ugonjwa fulani haumo mashambani, ugonjwa hautaondoka kwa kuheshimu wingi wao.

Njia ya tatu ni ya shamba darasa. Ilianza Indonesia katika mwaka wa 1989, wakulima wa mpunga walipokuwa wakihangaishwa na wadudu waliozidi kadiri dawa zilivyozidi kumwagwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikafika Kagera kwa msaada wa FAO na IFAD. Wakulima wapatao 25 hukutana kila juma katika shamba moja. Upande mmoja hulimwa kama ilivyozoeleka, upande wa pili hujaribiwa jambo jipya. Hutazama majani, huhesabu wadudu, huchora waliyoyaona, kisha hubishana. Bwana shamba yupo, lakini huuliza kuliko anavyojibu. Mwisho wa msimu, mavuno ndiyo yanayohukumu.

Mtihani mkubwa wa njia hizi ulitufikia katika mwaka wa 2006, mnyauko bakteria wa migomba ulipoonekana wilayani Muleba. Agizo lilikuwa kung'oa mgomba mgonjwa pamoja na machipukizi yake yote, kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mengi ya hayo yalikuwa sahihi. Lakini kung'oa shina zima ni kazi ya kuvunja mgongo, hasa kwa mjane au mzee, na wengi walisita. Kusita kule kulihesabiwa kuwa ubishi. Baadaye watafiti, wakiwamo waliofanya kazi mashariki ya Kongo, waligundua kwamba vijidudu havifikii kila chipukizi la shina moja. Ukikata mapema ule mgomba ulioonyesha dalili peke yake, tena ukirudia bila kuchoka, ugonjwa hupungua na kibanja hupona. Kumbe katika kusita kwa mkulima mlikuwa na hoja iliyostahili kusikilizwa tangu siku ya kwanza. Nasi tukiri kwamba sheria ndogo nazo zilihitajika, maana jirani mmoja mzembe aweza kuambukiza kijiji.

Turudi majini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka wa 2003 ilivitambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na miongozo ya Ziwa Victoria ikataka kamati zake ziwe na wenye mitumbwi, wavuvi waendao majini, wachuuzi na wanawake. Ni mpango mwema, ila kalenda yaweza kuuharibu. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Ukiitisha mkutano Bumbire wakati mwezi haupo, utawakuta wenye mali, nao wavuvi wamelala baada ya kukesha. Vivyo hivyo, ukijenga chanja za kuanikia dagaa bila kuwauliza wanawake wanaoanika, waweza kuziinua juu kuliko mikono yao ifikavyo. Huko Skandinavia, kati ya 1981 na 1985, wachapaji wa magazeti walikaa na wataalamu wa kompyuta, wakaunda mitambo ya mfano kwa makasha na karatasi, wakaigiza kazi yao kabla ya mtambo wa kweli kutengenezwa. Chanja moja ya fito, ikitumiwa na waanikaji kwa mwezi mmoja, ingetufundisha vivyo hivyo kabla ya fedha za wanachama kutoka.

Tumelinganisha njia hizi, na twaona kwamba kila moja ina mahali pake: amri kwa hatari isiyongoja, kura kwa mali ya wote, shamba darasa kwa jambo ambalo hakuna alijuaye kikamilifu. Lakini zote huharibika kwa kosa moja, yaani kumwita mwanachama alipokee jibu, ilhali hakuitwa wakati swali linatungwa. Ndugu viongozi, katika miaka 10 ijayo, kabla ya kuandika ajenda, pandeni mtumbwi au tembeeni vibanjani, mwulize mwenye jembe na mwenye nyavu tatizo lenyewe ni lipi. Nanyi ndugu wanachama, msingoje kuulizwa mara mbili. Penye wengi hapaharibiki neno, ila hao wengi wawepo tangu neno linapoanza.