Ile Emoji Umetuma Leo Iko Makumbusho, Na Hauoni Ikilipishwa Fare

Ile emoji ya moyo umetumia mtu wako asubuhi? Babu yake anaishi makumbusho, na si mchezo. Mwaka wa 2016, MoMA, lile jumba la sanaa ya kisasa pale New York, lilichukua emoji 176 zenye Shigetaka Kurita alichorea simu za kampuni ya Japani, NTT DoCoMo, mwaka wa 1999. Kila moja ilitoshea kwa vidoti 12 kwa 12 tu. Ukizicheki kwa karibu, zinakaa vitambaa vya kochi vya shosho.

Wasee wengi wakisikia makumbusho wanawaza mifupa na vyungu. Kumbe logo, posta na hata herufi huingia. 2011 MoMA waliongeza fonti 23 za kompyuta, Verdana ikiwemo, ile umeandikia CV. Mwaka kabla ya huo walichukua alama ya @. Hiyo hawakununua wala kubeba, juu ni ya kila mtu. Walisema tu kwamba ni dizaini ya maana, hasa tangu Ray Tomlinson aiweke kwa barua pepe mwaka wa 1971 kutenganisha jina la mtu na la kompyuta.

Lakini stori inanibamba kuliko zote ni ya bahasha. 1976, jiji la New York lilikuwa limesota kabisa, na serikali ya jimbo ilitaka kurudisha watalii. Dizaina Milton Glaser akiwa kiti cha nyuma cha teksi, akachora kwa krayoni nyekundu: I, moyo, NY. Kazi hiyo hakulipwa. Leo hiyo chapa iko kwa tisheti, vikombe, hadi mitumba utapata Gikomba. Ile karatasi yenyewe, na mikunjo yake, iko MoMA na jina la Glaser kando.

Hilo jina ndilo jambo. Tisheti haikuambii nani alichora. Makumbusho inakuambia, na mwaka, na alitumia nini. Kwa dizaina, hiyo ni tofauti ya kuitwa msanii na kuitwa "yule kijana wa kompyuta".

Huku kwetu cheki nganya. Msee anapiga rangi usiku kucha, mtaa mzima unapiga picha, halafu mwenye gari akitaka sura mpya, ya kwanza inafunikwa na hakuna mtu ameandika nani aliifanya. Mimi mwenyewe niliwahi chorea salon moja logo, nikalipwa kwa kunyolewa mara mbili. Bado iko ukutani. Michoro ya kwanza nilifanyia nyuma ya risiti, nikaitupa siku hiyo hiyo.

Bahasha ya Glaser haikutupwa. Kwa hivyo kama uko na daftari la michoro chini ya kitanda, andika jina na tarehe kwa kila ukurasa, hata zile umekata kata.