Ludwig Purtscheller, mtu wa miamba

Tarehe 6 Oktoba 1889 Ludwig Purtscheller alitimiza miaka 40. Asubuhi ya siku hiyohiyo alisimama juu kabisa ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, yeye na Mjerumani Hans Meyer, watu wa kwanza wanaojulikana katika maandishi kufika hapo. Meyer ndiye tuliyemsoma darasani. Purtscheller akitajwa, hutajwa kama mwenzake tu. Naona hilo ni dhuluma kwa mtu ambaye, palipohitajika ujuzi wa kupanda, ndiye aliyekuwa fundi kati ya hao wawili.

Alizaliwa Innsbruck, Austria, mwaka 1849, na kazi yake ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo huko Salzburg. Likizo zake zote ziliishia milimani. Enzi hizo mabwana wa Ulaya waliotaka kilele cha Alps walimwajiri kiongozi mwenyeji: atangulie, akate vidato kwenye barafu, amvute mteja kwa kamba. Purtscheller, pamoja na ndugu wawili wa Vienna, Emil na Otto Zsigmondy, alikuwa katika kundi dogo lililokataa utaratibu huo. Walijisomea mwamba wenyewe, wakaamua wenyewe, na lawama ya kosa ikawa yao. Mwaka 1885 watatu hao waliupita ukingo mzima wa Meije nchini Ufaransa, kazi iliyowashangaza wapandaji wa wakati wao. Siku chache baadaye Emil alianguka katika mlima huohuo akafa. Purtscheller hakuacha. Vilele alivyovikanyaga maishani mwake vinahesabiwa kufikia 1,700 hivi.

Meyer alimhitaji mtu wa namna hiyo. Mwaka 1887 alikuwa amefika penye barafu ya Kibo akarudi, kwa kuwa hakuwa na zana za kuikata. Mwaka 1888 hata mlima hakuufikia: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka pwani, akakamatwa na kufungwa minyororo, akatoka kwa fidia. Safari ya tatu alipitia Mombasa na Taveta, akapokewa na Mangi Marealle wa Marangu. Safari hii alijipanga vizuri zaidi. Kambi ziliwekwa moja juu ya nyingine, na wapagazi wakapandisha chakula kutoka chini kila baada ya siku chache, ili walioko juu wasilazimike kushuka kwa njaa.

Kambi ya juu ilikuwa kwenye uwanda wa baridi kali kati ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi. Hapo alibaki Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ya joto, akilinda hema peke yake huku Wazungu wawili wakienda kwenye barafu. Namtaja kwa makusudi. Marangu wanamkumbuka Yohani Lauwo kama kiongozi wa safari ile, naye aliheshimiwa mwaka 1989, miaka mia ya tukio hilo ilipoadhimishwa. Lakini Mwini Amani, ambaye Meyer mwenyewe alimwandika, ni wachache mno wanaomjua.

Tarehe 3 Oktoba walijaribu mara ya kwanza. Purtscheller akiwa na shoka la barafu, kidato baada ya kidato, walifika ukingoni mwa kreta mchana, wakaona kwamba sehemu iliyo juu zaidi bado iko mbali upande wa kushoto. Nguvu zilikuwa zimeisha na theluji imelainika kwa jua. Wakageuka. Kwangu mimi hapo ndipo ubingwa wake unapoonekana: aliyekwishapanda mamia ya milima alijua saa ya kurudi. Walipumzika, wakalala pangoni usiku mmoja, na tarehe 6 vidato walivyovikata awali vikawapunguzia kazi. Meyer akakiita kilele kwa jina la Kaisari wa Ujerumani, jina lililodumu hadi Uhuru mwaka 1961.

Kibo, hata hivyo, ni barafu na changarawe. Miamba iko Mawenzi. Chala yetu, hapa kati ya Sumbawanga na Namanyere, ina wajina wake kule: Ziwa Chala, lililo mashariki mwa Kilimanjaro mpakani na Kenya. Kutoka upande huo, Mawenzi ndiyo inayotangulia mbele ya macho, mita 5,149 za magenge yaliyochongoka. Mfipa aliyeshuka Lyamba lya Mfipa kuelekea Ziwa Rukwa anajua mteremko unaochosha magoti. Mawenzi inadai na mikono pia, na mwamba wake ni mbovu kama tofali lisiloiva; unashika jiwe nalo linabaki kiganjani.

Baada ya Kibo, watu hao wawili waliigeukia Mawenzi. Walijaribu zaidi ya mara moja, wakapanda makorongo na kingo, lakini kilele kikuu kiliwashinda. Kwa miaka 22 hakuna aliyekifikia, mpaka tarehe 29 Julai 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walipofika juu. Kilele hicho leo kinaitwa Hans Meyer. Jina la Purtscheller limewekwa kwenye ncha ya jirani, chini yake kidogo, nafasi ileile ya pili aliyopewa vitabuni.

Alirudi Salzburg akaendelea kufundisha na kupanda. Pamoja na Heinrich Heß alitunga kitabu cha kuwaongoza wapandaji wa Alps za mashariki, ili mwalimu au karani asiye na fedha za kuajiri kiongozi aweze kujipangia njia. Agosti 1899, akishuka kutoka Dru karibu na Mont Blanc, alianguka akaumia vibaya. Alilazwa kwa miezi, na mwili uliodhoofika haukuhimili homa ya mafua. Alifariki Bern tarehe 3 Machi 1900, akiwa na miaka 50.