Kutoka Sandukuni hadi Maktabani: Kamati ya Kiswahili na Walinzi wa Miswada ya Pwani

Historia ya kuhifadhiwa kwa ushairi wa kale wa Kiswahili aghalabu husimuliwa kupitia majina yaliyopigwa chapa kwenye majalada ya vitabu: W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens, J. W. T. Allen. Majina hayo yanastahili kutajwa. Hata hivyo, kila utendi uliofika katika maktaba ulipitia kwanza mikononi mwa wenyeji waliounakili, waliouhifadhi kwa ghibu au waliouweka sandukuni kwa vizazi kadhaa. Insha hii inajadili uhusiano wa pande hizo mbili na kuonesha kwamba suala kuu halikuwa kama ushirikiano ulikuwapo, bali nani alibaki na nini baada ya kazi kwisha.

Kielelezo cha mapema ni Mombasa ya karne ya 19. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikuwa yakiishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji huo, ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa waliyoyakumbuka na kuyaandika kwa hati ya Kiarabu. Taylor, mmishenari wa Kiingereza, alishirikiana naye katika kuyafafanua. Makaratasi hayo yalisafirishwa hadi London, na mwaka 1940 Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Hivyo mashairi yaliyotungwa na kukusanywa Mombasa yalihifadhiwa Ulaya na kuchapishwa Afrika Kusini.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, ikiziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja na kuidhinisha vitabu vya shule. Waafrika hawakuwamo katika mikutano yake ya mwanzo. Kwa upande wa urithi wa fasihi, hali hiyo ilikuwa na athari mbili. Kwanza, Kiamu na Kimvita, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, ziliwekwa kando ya lugha ya shule. Pili, mamlaka ya kuamua lipi ni sahihi yaliondoka kwa masheikh na malenga, yakaenda kwa maofisa.

Lakini mara tu kazi ilipogusa miswada yenyewe, wenyeji hawakuepukika. Sababu mojawapo ilikuwa ya kimaandishi. Katika hati ya Kiarabu iliyozoeleka pwani, herufi moja iliweza kusimama kwa b, p na mb. Nyingine kwa f na v. Nyingine tena kwa gh, g na ng. Msomaji asiyeujua utendi kwa kuusikia angeweza kuusoma vingine kabisa. Ndiyo maana Muhammad Kijuma wa Lamu, mwandishi wa hati, mchonga milango na mshairi, aliwanakilia na kuwafafanulia tenzi Werner, Hichens na mtaalamu wa Kijerumani Ernst Dammann. Kadhalika, Sheikh Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa alimsaidia Hichens kwa miswada na maelezo. Leo nakala za Kijuma zimo London, Hamburg na Berlin.

Mwelekeo ulianza kubadilika baada ya Kamati kuhamia Makerere mwaka 1952. Jarida lake, ambalo hatimaye lilikuja kuitwa Kiswahili, lilitoa nafasi kwa matini za kale, na mfululizo wa Johari za Kiswahili ukazifikisha tenzi kwa wasomaji wa kawaida. Miongoni mwake ulikuwa utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu vita vya Wadachi vya mwaka 1888 na baada yake, matini ambayo ilikuwa kumbukumbu ya walioshindwa. Katika miaka ya 1960 Allen alizunguka pwani akikusanya miswada na kanda za sauti. Tofauti na zile za Taylor, mali hizo ziliwekwa Dar es Salaam, katika maktaba ya chuo kikuu, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kamati yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa taasisi ya chuo hicho.

Hatua hiyo ilirudisha urithi Afrika Mashariki, lakini haikuurudisha nyumbani ulikotoka. Mjukuu wa mnakili wa Pate au Siyu bado alilazimika kusafiri mbali ili aone mwandiko wa babu yake. Mkabala wa karibuni zaidi unaonekana katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambako miswada ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Safari hii picha ndizo zilizosafiri. Miswada yenyewe ilibaki.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Historia hii inaongeza sharti moja. Orodha isiyotaja Sikujua, Kijuma na Hinawy kama washirika wa utafiti huhifadhi mali na kupoteza habari ya wenyewe, na familia iliyopoteza mswada wake mara moja haina sababu ya kulifungua tena sanduku lake.